Deraya ya mtindo wa Milano: chuma safi, magoti ya mtu mwingine

Kimo, kifua, kiuno na namba ya kiatu. Hayo ndiyo tu waliyouliza watu wa duka lililoniuzia deraya hii, vazi la vita la chuma, kabla ya kupokea pesa. Mtu anayeuza deraya kamili ya karne ya 15 bila kutaka kujua goti la mteja liko umbali gani kutoka sakafuni anauza pambo la ukutani. Na ukimwandikia kwa adabu, ukimwekea na picha za pembeni, majibu yake ni haya: vipimo vya deraya ni sahihi, tatizo ni umbo la mteja. Umbo! Basi ngoja tuzungumze umbo.

Kikombe cha goti hakikai peke yake. Juu yake na chini yake kuna magamba membamba ya chuma, yote yameshikwa kwa ribiti pembeni, na ribiti hizo ndizo bawaba. Zinapaswa kukaa usawa wa mahali goti lenyewe linapojikunja, nyuma kidogo ya katikati, na ncha ya kikombe ilenge pia ya goti. Kwenye deraya hii, kwa mtu yeyote asiye na mapaja marefu kama korongo, kikombe kinakaa chini kwa upana wa vidole viwili. Ukisimama huoni kitu, na ndiyo maana picha zao zote ni za mtu aliyesimama. Chuchumaa sasa: ukingo wa juu unakandamiza pia ya goti, gamba la chini linasukuma muundi, na ncha za nyuma zinabana nyama ya nyuma ya goti. Ushauri wa duka ni kulegeza mkanda. Ukilegeza, mguu mzima unashuka zaidi.

Kabla ya kushika keekee, kagua mahali deraya ya mguu inaponing'inia. Mikanda ya nyuma ya paja haibebi uzito, kazi yake ni kuzuia bamba lisipeperuke. Uzito unabebwa na ulimi wa ngozi ulio juu ya bamba la paja, unaofungwa kwa kamba kwenye kizibao cha kitambaa kinachovaliwa chini ya deraya, na kizibao kiwe kimekaza kiunoni. Kizibao kikilegea, hakuna ribiti itakayokuokoa. Kuna hati ya Kiingereza ya karne ya 15 inayoeleza namna ya kumvika mtu deraya ya kupigana kwa miguu. Inataka kamba za uzi mwembamba kama ule wa upinde wa mtambo, zilizopakwa nta ya mafundi viatu, zisinyooke wala zisikatike. Duka limetuma kamba za pamba za viatu vya mtoto. Zinanyooka ukiwa bado hujatoka jasho. Zitupe, sokota za kitani, pitisha kwenye nta, weka ncha za bati ili ziingie kwenye matundu bila kukutia wazimu.

Ukipandisha ulimi na kikombe kikafika mahali pake, shukuru, kazi imeisha. Kwangu haikuishia hapo, kwa sababu bamba la paja ni refu: likipanda, ukingo wa juu unachoma kinena ukiinama. Usikate juu. Ukingo ule umekunjwa ili bamba liwe gumu, na chuma hiki kimekazwa kwa moto, hakitakubali kukunjwa upya kikiwa baridi. Kitapasuka. Punguza upande wa goti.

Saga kwa ndani kichwa cha ribiti inayoshika gamba la juu kwenye bamba la paja, kisha isukume itoke kwa panchi. Usiitoboe na keekee, maana ncha inateleza na tundu linakuwa yai. Toboa matundu mapya kwenye bamba la paja, milimita 12 hadi 15 juu ya yale ya zamani. Tumia ncha ya kobalti, mwendo wa polepole, mafuta, na ubao mgumu nyuma. Ukiona chuma kinageuka buluu, simama: joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu uliolipia unaondoka. Kisha kata ukanda uliobaki chini, vinginevyo utagonga gamba kila goti likinyooka. Lainisha kwa tupa, halafu msasa.

Usiweke ribiti bado. Funga boliti za milimita 4 (M4) na nati, vaa nguo zote zinazokaa chini ya deraya, tembea, chuchumaa, piga goti, panda ngazi. Tazama pengo kati ya gamba la chini na bamba la muundi. Kikombe kikipanda, pengo hilo hufunguka, na goti likijikunja kabisa lazima mapande yafunikane walau upana wa kidole. Yasipofunikana, hamisha pini inayoshika gamba hadi yafunikane. Ukiridhika, weka ribiti za chuma laini za milimita 4, acha milimita 4 au 5 za kugonga, na katikati ya mapande weka kipande cha kadi chenye tundu. Gonga kidogokidogo kwa kuzunguka ukingo. Ukichomoa kadi, magamba yatacheza. Bila kadi, utakuwa umejifunga goti kwa mikono yako mwenyewe.

Hapo mtasema kumbe inarekebishika, mpe nyota tatu. Sawa, tatu. Maana dirii, yaani chuma cha kifua na tumbo, nitasema kweli, ni kazi ya fundi. Kiuno cha dirii kinatakiwa kikae pale mwili unapojikunja ukiinama upande, juu ya mifupa ya nyonga. Zinazouzwa tayari karibu zote hushuka hadi nyongani, na ukikaa, chuma kinapanda kukukaba koo. Hii imetengenezwa kwa mapande mawili, la chini likipanda juu ya lile la kifua na kushikwa na mkanda na bizimu katikati, kama deraya ya Milano ya karibu 1440 iliyoko Glasgow, Uskoti. Tundu moja jipya kwenye mkanda, pande la chini likapanda, kiuno kikapatikana. Makwapa nayo yamekatwa vya kutosha: mikono miwili inashika upanga mbele ya kifua bila chuma kugongana. Nyota nne, kwa haki.

Lakini hapo ndipo hasira inarudi. Aliyechora dirii hii anajua kabisa kwamba kiuno cha mtu hakipimwi kwa kubahatisha. Kwa nini basi miguu imeachiwa bahati nasibu?

Mabamba ya miundi ni mabomba. Shavu la mguu limejaa juu zaidi upande wa nje kuliko wa ndani, na bamba linatakiwa kujua hivyo. Libane juu ya kifundo, lishikwe na shavu, lisiguse mguu kwa juu ya kiatu. Haya hayabani, kwa hiyo yanateremka na kukata pale kiatu kinapojikunja. Kwa sababu chuma kimekazwa, unachoweza nyumbani ni kukikunja mkondo mmoja tu: kiweke juu ya bomba lililobanwa kwenye jiliwa, kandamiza kwa mikono kupita kiasi unachotaka, kwa kuwa kitarudi nyuma. Nyundo ya mbao, si ya chuma. Kulichonga shavu lenyewe haiwezekani bila tanuri na kukikaza upya, na bei hiyo mpelekee fundi wa kweli.

Duka linapendekeza nini? Sponji. Sponji nene wanayoiuza wao wenyewe! Pedi haiponyi kipimo kibaya, inakiongezea unene tu, na bamba likishindwa kufunga unarudi palepale na jasho juu yake. Hati ileile ya Kiingereza inataka vipande vya blanketi jembamba magotini kuzuia mchubuko. Jembamba.

Anayetaka kuagiza awatumie bila kuulizwa: kutoka shimo la koo hadi kiunoni, kutoka kinena hadi katikati ya pia ya goti, kutoka hapo hadi sakafuni akiwa amevaa kiatu cha deraya. Aombe picha ya mtu aliyechuchumaa. Wakikataa, ajue.

Nyota nne nazifuta. Nikisoma tena ule ujumbe wa umbo naona hata tatu ni sadaka. Weka moja, na hiyo ni ya fundi wa dirii, si ya dukani. Bizimu nazo ni nzuri, hazijapinda hata moja.