Gitaa Lililozeeshwa Karakanani: Shingo Nimeipenda, Kutu Nimeikataa

Ndugu watazamaji, karibuni. Nazungumza nanyi kutoka Chumbageni, Tanga, na gitaa hili nililolipakata limekaa nami siku kumi na mbili. Mwenyewe ni mpiga solo wa kwaya moja hapa mjini, naye ameniazima kwa sharti la kusema mbele yenu kama fedha aliyoongeza imekwenda mahali pake. Ni gitaa jipya, halijatimiza mwaka, ila limechakazwa makusudi lionekane kama limepigwa kwa miaka hamsini. Jina la karakana naliacha, kwa kuwa nimekuja kuzungumzia uchakazaji wenyewe. Umbo ni la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, pikapu zinazonasa sauti ya nyuzi ni tatu, na mengine ya aina hiyo mnayajua.

Naomba mtazame nyuma ya shingo. Hapa, kuanzia freti ya tatu hadi ya tisa, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo kwa mbele, vanishi imeondolewa mpaka mti umebaki karibu mtupu, na kingo za ubao wa freti zimesuguliwa zikawa mviringo. Sasa ni saa nane mchana, feni nimeizima ili isiingie kwenye sauti, na kiganja changu kimelowa jasho. Nateremsha mkono kutoka freti ya kumi na mbili hadi ya kwanza. Tazameni kidole gumba, hakijakwama popote. Nachukua gitaa langu mwenyewe, ambalo shingo yake inang'aa kama kioo, narudia mteremko uleule, na mnaona gumba linavyoganda kwenye freti ya saba, kisha linaruka na kupitiliza noti. Katika joto hili la pwani, mpiga solo anayecheza sebene ndefu hufuta kiganja kwenye suruali kila anapopata nafasi, na siku hizi kumi na mbili mimi sikufuta hata mara moja. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia, maana nilianza nikiwa nimekwisha kuamua kwamba gitaa hili ni upuuzi.

Jambo hili si geni. Fender walileta magitaa yao ya Relic mwaka 1995, na mwaka 2021 washindani wao Gibson wakaanzisha Murphy Lab kwa kazi hiyohiyo ya kutia uzee. Wanachoiga ni magitaa kama Stratocaster ya 1961 ya mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ayalandi, ambayo rangi yake ilitoka karibu yote, na wengi husema ni jasho lake lililoila. Rangi za zamani zilikuwa za nitroselulosi, ambazo ni nyembamba na hupasuka nyufa ndogondogo kwa sababu mti na rangi havisinyai kwa kipimo kimoja kunapokuwa na baridi. Poliyurethani ya magitaa mengi ya leo ni ngumu zaidi, wala haizeeki kwa namna hiyo. Kwa hiyo nyufa mnazoziona hapa tumboni karibu na mahali pa mkono zimetiwa kwa kuligandisha gitaa kwenye baridi kali au kwa wembe, na nikizisogeza karibu na kamera mtaona zimenyooka mno, zote zikifuata upande mmoja.

Nililipeleka Ngamiani kwa mzee mmoja aliyepiga rizimu katika bendi za dansi. Alilipindua, akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo, kisha akanirudishia bila kulipiga. Mji huu ni wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ni hapa ambapo kikundi cha Black Star walilitia gitaa la umeme katika taarab, lakini wengi wa wapigaji wa enzi hizo hawakumiliki vyombo. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na mzee huyo anasema kila alama mpya ilikuwa na maswali yake baada ya dansi. Kwake, kuliumiza gitaa lisilo na kasoro kwa makusudi ni kuwakosea waliolilinda. Vijana wa studio hawaoni hivyo. Wanasema gitaa lenye mikwaruzo tayari hulipandisha jukwaani bila hofu, ilhali gitaa safi hulificha kwenye mfuko mpaka siku ya harusi kubwa. Wapo pia wanaoona ni uongo, kwa kuwa alama za gitaa hudai miaka ambayo mpigaji hakuipiga. Moyo wangu uko kwa mzee, ingawa mkono wangu umekwisha kuzoea shingo hii.

Jambo lililoniudhi ni vyuma. Karatasi hii nyeupe naipitisha juu ya skrubu za daraja, hapa nyuzi zinapokalia tumboni, na tazameni, imetoka na mstari wa kahawia. Kutu hii ilitiwa kwa kukusudia, na njia ya kawaida ya kuitia ni mvuke wa asidi. Mahali pakavu huenda ingetulia ilivyo. Lakini nyumba zetu zinapokea upepo wa chumvi mchana na usiku, na chuma kilichokwisha kuvuliwa ngozi yake hakina kinga. Skrubu inayoinua uzi wa tano imekwisha kuliwa, na ufunguo unazunguka ndani bila kushika, kwa hiyo siwezi kuushusha uzi huo hata kidogo. Bahari yetu hutia kutu bila malipo, na mwenye gitaa ameuziwa kutu iliyotangulizwa miaka kumi.

Kwa bei, aliongeza zaidi ya laki saba juu ya gitaa safi la karakana ileile. Ushauri wangu kwake ni abaki nalo, abadilishe skrubu zote za daraja pamoja na chemchemi zake kwa za chuma kisichoshika kutu, na asiongeze mikwaruzo mingine. Ninyi ambao hamjanunua, nunueni gitaa safi.

Wiki ijayo nilikuwa nimewaahidi video ya amplifaya ndogo, ila nimeiahirisha. Nimenunua msasa laini namba 1000, na nitaisugua shingo ya gitaa langu mwenyewe hapa mbele yenu, nyuma tu, kuanzia freti ya tatu hadi ya tisa.