Uzoefu wangu: usiku wa gitaa kavu Shangani, Mtwara

Nianze na jibu la kama onyesho lilistahili kiingilio, maana najua wengi mnataka hilo tu. Kiingilio kilikuwa elfu kumi viti vya kawaida, elfu ishirini meza za mbele, na ile elfu kumi yangu siidai. Mwimbaji nampa alama zote. Waliofunga mitambo ya sauti siwapi hata nusu. Jina la msanii silitaji kwa sababu hao wa mitambo nitawasema, na sitaki ionekane nina kesi naye. Aliyekuwepo anamjua.

Ni mtunzi na mwimbaji, anaishi Dar, kwao Newala. Gitaa anapiga mwenyewe. Nyuma yake alikuwepo kijana wa besi, mwingine wa ngoma za mkono, na dada mmoja wa kuitikia ambaye kwa sauti ile angeweza kulibeba onyesho peke yake. Hakuna laptopu, hakuna dansa, hakuna moshi wa jukwaani. Ukumbi uko Shangani, upepo wa bahari unaingia dirishani.

Sasa kwa nini nililipa. Sisi wa kusini tunaijua ratiba ya wasanii. Korosho zikianza kuingia sokoni, kuanzia Oktoba hivi, ndipo mabango yanapobandikwa kwenye nguzo. Msimu ukiisha, kimya. Na wakija, wanakuja na pleibeki. Uwanja wa Nangwanda Sijaona unajaa, msanii anakimbia upande huu na ule, "Mtwara mpooo?", wimbo unajiimba wenyewe kwenye spika na yeye anadakia neno la mwisho la kila mstari. Kikifika kibwagizo anatunyooshea maiki, tumwimbie sisi tuliolipa. Nimekwenda sana na nitaendelea kwenda, pale watu wanakwenda kuruka na wanaruka kweli. Lakini mimi ni mtu wa maneno. Wimbo nikiupenda nauandika kwenye daftari mstari kwa mstari, na kwenye uwanja wa mpira hakuna mstari unaosikika.

Wala msiseme nachukia wakubwa. Harmonize ni wetu, mzaliwa wa Chitoholi, niko naye tangu Aiyola ya 2015, na alipotoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 akasimama na lebo yake, Konde Gang, nilibishana na ndugu zangu mpaka simu ikazima chaji. Ila hata yeye namsubiri siku atakayokuja nyumbani na gitaa moja na kiti. Siku hiyo nauza hata kuku.

Nilikwenda na mjomba wangu, mkulima wa Tandahimba, alikuwa mjini kwa shughuli zake. Mjomba ni wa Mbaraka Mwinshehe, hana mwingine. Kwake muziki ulisimama Januari 1979, Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, na yote yaliyofuata ni kelele za vijana. Nilimshawishi kwa kumwambia hakuna pleibeki. Akavaa shati la mikono mirefu, kofia yake ya kiua, tukapanda bajaji.

Tiketi iliandikwa saa moja jioni. Msanii alipanda saa tatu. Katikati tulikuwa na mshereheshaji aliyetangaza wafadhili wote, kisha akawatangaza tena kwa sauti nyingine. Mjomba akaniuliza, "Mpwa, na huyu naye ameandikwa kwenye tiketi?"

Halafu kijana akaingia, akakaa, akafungua mdomo, na hatukumsikia.

Yaani tulisikia sauti. Maneno hatukuyasikia. Besi ilikuwa imefunguliwa mpaka soda kwenye meza yetu inatetemeka. Ukumbi wenyewe una sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya vioo, kila mdundo unaokwenda unarudi, na wakati unarudi mwingine umeshatoka. Kwa bendi ya kuchezeka labda ungevumilia. Kwa mtu aliyekuja kusimulia, umemfunga kitambaa mdomoni. Fundi mitambo alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa, mahali ambapo yeye mwenyewe hasikii tunachosikia sisi, kichwa kimeinamia simu. Nikainuka nikamfuata. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, shusha besi kidogo, maneno yanapotea." Akanitazama kama nimemtukana. "Dada, besi ndiyo muziki."

Nikarudi nikakaa. Aliyetuokoa ni mwimbaji. Alimaliza wimbo, akageuka, akamwonyesha yule wa besi kwa kiganja, chini, chini zaidi, kisha akamwambia apumzike kabisa. Wakabaki yeye, ngoma na yule dada. Hapo ndipo elfu kumi yangu ilipoanza kufanya kazi.

Wimbo wa kwanza niliousikia sawasawa ulikuwa wa korosho. Najua mnavyofikiri, kila msanii wa kusini ana wimbo wa korosho, dhahabu ya kijani, mkulima oyee, zinachosha. Huu hausifu wala hauhutubii. Ni mtoto anasimulia nyumba yao baada ya mzigo kupelekwa chama cha msingi cha ushirika. Baba anakwenda kila asubuhi kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani, anarudi, hasemi kitu, anaanza kunoa panga ambalo limeshanolewa jana. Na kuna mstari huu, ambao nimeuandika kwenye daftari mara tu nilipofika nyumbani:

"Risiti ya baba imelala kwenye kopo la sukari,
sukari yenyewe ilishahama nyumba hii."

Basi. Hasemi tuna njaa, hasemi tumeonewa. Kopo limebaki, sukari haipo, na karatasi imepata chumba. Mtu aliyekulia huku tangu stakabadhi ghalani ianze mwaka 2007, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani, ukapewa risiti na kusubiri mnada ndipo ulipwe, haelezwi zaidi ya hapo. Ukiongeza na msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo, kisha watu wakakaa kusubiri pesa, utaelewa kwa nini ukumbi ulinyamaza namna ile. Mjomba alikuwa ameegemea kiti. Akasogea mbele, akaweka mikono kwenye meza. Wimbo ulipokwisha akasema, bila kunitazama, "Sisi ilikaa ndani ya Msahafu."

Ninachopenda kwa kijana huyu ni kwamba hamalizii kwa kukueleza ulichopaswa kuhisi. Wengi wa sasa wanakupa beti moja nzuri, halafu kibwagizo kinarudia neno lile lile mpaka beti unaisahau. Nyimbo za mapenzi ndizo zimeumia zaidi. Moyo, roho, nyonga, usiniache, nitakufa. Hafi mtu. Yeye ana wimbo wa mapenzi ambao mwanamume anamsifia mkewe kwa jinsi anavyomenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, bila kujiunguza vidole, na niamini, wanawake wa meza za nyuma walipiga vigelegele kuliko wangeimbiwa Dubai. Mmoja akainuka akaenda kumtunza, noti akaibandika kwenye gitaa, ikaanguka, akaiokota, akaibandika tena.

Kisha kamba ya gitaa ikakatika. Hewa yetu ya chumvi na nyuzi za chuma hazipatani, aliyewahi kuweka gitaa nyumba ya Shangani anajua zinavyoota kutu. Kijana hakupaniki. Akatoa nyingine mfukoni, akawa anaifunga huku anatupigisha soga, na watu wakapata nafasi ya kuuliza. Mama mmoja akamuuliza yule wa ming'oko ni nani na kama wameoana. Akacheka, akasema utunzi ni utunzi. Mama akasema, "Utunzi haumenyi ming'oko, mwanangu." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Pleibeki haikatiki kamba, ndiyo maana haina soga.

Aliporudi akapiga za wazee, moja ya Marijani Rajabu na moja ya Mbaraka. Hapa mjomba akawa hakimu. Kwa Marijani alimpitisha, maana Jabali la Muziki anahitaji sauti na pumzi, na kijana anazo. Kwa Mbaraka akakunja uso. Tatizo si kijana, ni kwamba Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, na gitaa lake lilikuwa linajibu maneno yake, tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano aliyoianzisha 1973. Kwenye santuri zile ndogo wimbo ulikatwa vipande viwili, upande huu anakusimulia, ukigeuza unakuta magitaa yanachemka. Kijana aliimba upande wa kwanza vizuri sana, akafika pa kugeuza, akaishia hapo kwa heshima. Mjomba akasema, "Amesoma barua, hakupiga muhuri." Nadhani alikuwa anamwonea kidogo. Gitaa moja kavu haliwezi kufanya kazi ya magitaa matatu ya umeme.

Mimi kwangu kipimo cha mtunzi ni Remmy Ongala, na hili tulibishana na mjomba njia nzima kurudi. Mtu aliyetoka Zaire mwaka 1978, akajifunza Kiswahili chetu, akakigeuza akawaimbia wenye nyumba za kupanga na wasio na viatu mpaka kituo cha daladala Sinza kikaitwa kwa Remmy, huyo anajua kazi ya maneno. Alipoimba habari za kondomu kwenye Mambo kwa Soksi, redio ya taifa haikutaka kuupiga, na watu wakaujua hivyo hivyo. Wimbo ambao maneno yake yanatembea bila redio ndio wimbo. Mjomba anasema Remmy alikuwa mhubiri, Mbaraka ndiye mwanamuziki. Dada yangu, ambaye hakuwepo, ametuma ujumbe kwamba sote hatujui kitu na mtunzi ni Lady Jaydee. Hatujamalizana.

Mambo ya ukumbi niyaseme haraka. Soda elfu moja na mia tano, ghali kidogo ila baridi. Pweza wa kuchoma alikuwa laini, chipsi zilikuwa za mchana. Choo kisafi. Maegesho ya pikipiki yana mlinzi. Kurudi usiku bajaji wanajua umetoka wapi, bei inapanda, patana kabla hujakaa.

Kilichonifurahisha mwishoni ni bidhaa zake. Mlangoni alikuwa anauza flashi yenye nyimbo zake kwa elfu kumi na tano, na ndani ya pakiti kuna kijitabu cha maneno ya nyimbo zote. Kimetolewa fotokopi, kimebanwa pini mbili, moja ya kwangu ilishaanza kutoka kabla sijafika kwenye bajaji. Makosa ya chapa yamo, ukurasa mmoja umekaa kichwa chini. Lakini ni mara yangu ya kwanza kuona msanii wa huku anakuuzia maneno kwenye karatasi, na kwa mtu mwenye daftari kama mimi hiyo peke yake ni elfu tano. Chini ya kila wimbo ameandika mahali alipoutunga. Ule wa korosho ameandika "stendi ya Masasi, nikisubiri basi". Mjomba alikichukua akasema anaazima tu. Ameondoka nacho Tandahimba.

Flashi yenyewe ina kasoro, wimbo mmoja haufunguki kwenye redio ya gari wala kwenye simu, na ni ule wa ming'oko. Nilipiga namba iliyoandikwa nyuma ya pakiti, akapokea yule dada wa kuitikia, akaomba radhi, na jioni hiyo hiyo wimbo ukaingia WhatsApp. Nikamuuliza kama watapita Lindi. Akasema wanatafuta ukumbi. Nikamwambia tafuteni na fundi mitambo mwingine, akacheka sana, hakubisha.

Kwa hiyo watu wa Lindi, wakija nendeni. Chukueni viti vya katikati upande wa dirishani, mbali na spika, na msihangaike na elfu ishirini za mbele, kule mbele besi inakukaba zaidi. Msifike saa moja. Mwenye kijitabu cha ziada aniambie, nakinunua, changu sirudishiwi.