Viendeshi vya Linux kwenye bodi ndogo: vinapofaa na vinapochosha

Anayenunua kompyuta ndogo ya bodi moja huangalia kwanza kasi ya prosesa na ukubwa wa kumbukumbu, ilhali mara nyingi kinachoamua kama kazi yake itakamilika ni viendeshi, yaani zile programu ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, zinazojua namna ya kuwasiliana na kila chipu iliyo kwenye bodi au iliyounganishwa nayo kwa waya. Tathmini hii inahusu viendeshi vinavyokuja na kerneli rasmi ya Linux, jinsi vinavyotumika kwenye bodi kama Raspberry Pi na BeagleBone. Kwa vifaa vya kawaida naviona kuwa bora kuliko chochote ambacho mtu mmoja angejiandikia, lakini namna ya kuviwasha ina mtego ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Nianze na uzuri wake. Kihisi cha BMP280 hupima joto na kanieneo ya hewa, lakini namba ghafi zinazotoka ndani yake hazina maana mpaka zipitishwe kwenye hesabu inayotumia viwango vya urekebishaji ambavyo kiwanda kilivihifadhi ndani ya kila chipu. Anayeandika programu yake mwenyewe hulazimika kuvisoma viwango hivyo, kuzipanga baiti zake kwa utaratibu sahihi na kukumbuka ni vipi vinavyoweza kuwa hasi na vipi haviwezi. Kiendeshi cha kerneli kimekwisha kuyafanya yote hayo. Kikishapakiwa, faili liitwalo in_temp_input huonekana chini ya /sys/bus/iio/devices, na ukilisoma unapata namba kama 24310, yaani nyuzi 24.31 za Selsiasi, kwa sababu utaratibu wa IIO, yaani sehemu ya kerneli inayoshughulikia vihisi, hutoa joto kwa sehemu za elfu za nyuzi. Kanieneo nayo hutolewa kwa kilopaskali. Vipimo hivyo vimewekwa kwa vihisi vyote vya aina hiyo, hivyo programu iliyoandikwa kwa chipu hii huhitaji mabadiliko madogo tu siku utakapotumia nyingine. Saa ya DS3231 nayo, ikishapata kiendeshi chake, huonekana kama /dev/rtc0 (au rtc1 kama bodi ina saa yake nyingine), na amri ya kawaida ya hwclock huisoma bila kujali ni chipu ya kampuni gani.

Kuna dalili moja inayowashtua wageni wengi. Ukiichunguza njia ya I2C, yaani waya mbili zinazounganisha bodi na chipu ndogo kama hizi, kwa amri ya i2cdetect, mahali pa anwani ya saa hiyo, yaani 0x68, huoni namba bali herufi UU. Chipu haijaharibika, herufi hizo zinaonyesha kwamba kiendeshi kimeishika anwani hiyo, na kwa hakika ndiyo habari njema uliyokuwa ukiitafuta.

Sasa nije kwenye mtego. Kifaa cha USB hujitambulisha chenyewe kinapochomekwa, lakini chipu ya I2C, au ya SPI ambayo ni njia nyingine ya kuunganisha chipu, haina uwezo huo, kwa hiyo ni lazima kerneli iambiwe kuna nini, kwenye njia gani na kwa anwani ipi. Zamani maelezo hayo yaliandikwa kwa lugha ya C ndani ya kerneli yenyewe, bodi kwa bodi, hadi Linus Torvalds alipolalamika hadharani mwaka 2011 kuhusu mrundikano wa msimbo wa prosesa za ARM. Suluhisho lililoshika ni mti wa vifaa, faili la maelezo linalosomwa wakati wa kuwaka. Wazo ni zuri sana, na naliunga mkono bila kusita, kwani kerneli moja sasa inaweza kuhudumia bodi nyingi zinazotofautiana.

Tatizo ni ukimya wake. Kiendeshi huoanishwa na kifaa kwa jina linaloandikwa kwenye kipengele cha compatible, kwa mfano "bosch,bmp280". Ukikosea ukaandika "bosch,bmp-280", mti utakubaliwa, bodi itawaka, na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, haitakuwa na neno lolote la onyo, kwa sababu kwa kerneli hicho ni kifaa ambacho kiendeshi chake hakipo tu. Hali huwa hivyohivyo njia nzima ya I2C inapokuwa imeachwa na status ya "disabled", yaani imezimwa. Mtu anaweza kubadilisha waya na chipu siku nzima wakati kosa ni kistari kimoja. Dawa zipo, ingawa hazitangazwi vya kutosha: /proc/device-tree huonyesha mti ambao kerneli iliupokea kweli, faili la devices_deferred chini ya /sys/kernel/debug hutaja vifaa ambavyo bado vinasubiri vingine vitangulie, na amri ya make dtbs_check hukagua mti kabla haujafika kwenye bodi. Mfumo wa Zephyr, unaolenga chipu ndogo zaidi, hutumia maelezo ya aina hiyohiyo lakini huyageuza kuwa msimbo wa C wakati wa kujenga programu, hivyo makosa mengi hujitokeza mapema. Kwa upande huo Zephyr inaishinda Linux.

Viendeshi vilivyo nje ya kerneli rasmi sivipendekezi. Waendelezaji wa kerneli hawaahidi kwamba miingiliano yake ya ndani itabaki ilivyo, na hawafichi hilo. Moduli, yaani kiendeshi kinachopakiwa kivyake, iliyojengwa kwa toleo moja inaweza kukataa kupakiwa kwenye toleo linalofuata, na mnunuzi akabaki amefungwa kwenye kerneli ya zamani ambayo muuzaji ameshaacha kuitunza. Hatari hii huonekana zaidi kwenye kamera, michoro na Wi-Fi. Kabla ya kununua, tafuta faili la bodi hiyo kwenye msimbo wa kerneli rasmi, chini ya arch/arm64/boot/dts kama prosesa ni ya biti 64, kisha usome ni sehemu zipi zimeelezwa humo.

Eneo la mwisho ni muda. Kihisi cha DHT11 hutofautisha sifuri na moja kwa urefu wa mpigo: takriban mikrosekunde 26 hadi 28 kwa sifuri, na 70 kwa moja. Programu ya kawaida ya mtumiaji haiwezi kutegemewa kupima tofauti hiyo, kwa kuwa kerneli inaweza kuisimamisha wakati wowote. Kiendeshi cha dht11 hufanya vizuri zaidi kwa kuandika muda wa kila badiliko la ishara papo hapo, lakini hata chenyewe hurudisha kosa mara kwa mara, na programu inapaswa kuwa tayari kusoma tena. PREEMPT_RT, mpangilio unaoiwezesha kerneli kuitikia matukio kwa muda unaotabirika, iliyoingia kwenye kerneli rasmi katika toleo la 6.12 mwaka 2024, hupunguza ucheleweshaji kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kwa mipigo mifupi kama hiyo ningeweka chipu ndogo ya kudhibiti kati ya kihisi na bodi, kisha niiache Linux isome matokeo kupitia UART, yaani mlango wa mawasiliano ya mfululizo.