Sare za netiboli na kikao cha saa moja: tathmini ya fundi wa Moshi aliyewahi kuwa mwanamitindo

Kwa mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari mkoani Kilimanjaro kama mimi, kupata sare nzuri za timu ya wasichana ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Jezi zimejaa kila kona ya Moshi, kuanzia maduka ya katikati ya mji hadi meza za mitumba za Memorial na Kiboriloni, lakini nyingi zimekatwa kwa kufuata mabega na kifua cha mwanaume, na bukta zake humbana msichana kwenye nyonga huku zikimpwaya kiunoni. Sketi za netiboli zina tabu zaidi, kwani zile zinazouzwa tayari ama ni fupi kiasi kwamba mchezaji hutumia nusu ya mchezo akizivuta chini, ama zimeshonwa kwa polista nzito isiyopitisha jasho. Ndiyo maana ninaandika kwa kirefu kuhusu fundi mmoja wa hapa mjini, mwanamke aliyewahi kupanda majukwaa ya mitindo ya Dar es Salaam, Nairobi na Johannesburg, ambaye sasa anashona sare za michezo za wanawake na wasichana, na ambaye kila timu inayoagiza seti nzima kwake hupewa pia kikao cha saa moja bila malipo, cha kuzungumza na wachezaji kuhusu miili na usalama wao. Jina lake silitaji kwa kuwa ameomba hivyo. Hataki biashara yake isimame tena juu ya sura yake. Karakana yake iko Majengo, na ukiuliza kwa mafundi wa eneo hilo habari za fundi wa netiboli utaelekezwa bila shida.

Jambo la kwanza linalomtofautisha na wengine ni namna anavyopima. Katika karakana nyingi fundi hushika futi, akapaza sauti na kumtajia mwanafunzi wake kiuno na nyonga za mteja, na wasichana waliopanga foleni husikia kila tarakimu na kucheka. Hapa kila mchezaji huingia nyuma ya pazia pamoja na mwenzake mmoja aliyemchagua mwenyewe, hupimwa na fundi wa kike, na vipimo vyake huandikwa kwenye kadi yenye namba ya jezi badala ya jina. Baada ya kupimwa akiwa amesimama, huambiwa achuchumae, anyooshe mikono juu kama anayefunga goli, kisha apige hatua ndefu, na paja na mgongo hupimwa upya katika hali hiyo, kwa kuwa hakuna anayecheza netiboli akiwa amesimama wima kama mlingoti. Nimewaona wasichana wangu wanene, ambao siku ya kupima sare hupata udhuru wa ghafla wa kuumwa kichwa, wakitoka nyuma ya pazia lile bila kuinamisha macho.

Mwenyewe anasema utaratibu huu umetokana na miaka yake ya kazi ya uanamitindo. Huko alikokuwa, vipimo vya msichana vilisomwa kwa sauti mbele ya chumba kizima, na aliyeongezeka sentimita mbili alijua kuwa jioni hiyo hatakula. Alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka 2006, mwaka ambao mwanamitindo wa Uruguay, Luisel Ramos, alifariki Montevideo akiwa na miaka 22, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani, na Novemba mwaka huo huo Ana Carolina Reston wa Brazil akafariki akiwa na miaka 21 kwa madhara ya kujinyima chakula. Kati ya vifo hivyo viwili, maonyesho ya mitindo ya Madrid yalipiga marufuku wanamitindo ambao uwiano wa uzito na urefu wao (BMI) ulikuwa chini ya 18. Ufaransa ilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017, inayomtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari na kuyataka matangazo ya biashara yaeleze pale picha ya umbo lake iliporekebishwa, na mwaka huo huo makampuni makubwa ya mitindo ya Ufaransa, LVMH na Kering, yalikubaliana kutoajiri wanamitindo wa kike wa saizi 32 ya Kifaransa, ambayo ni ndogo mno.

Maoni yake kuhusu hatua hizo ndiyo yaliyonifanya nimheshimu kama fundi. Anazikubali, lakini anasema zote zinampima msichana na kuliacha gauni. Mbunifu hukata nguo moja ya sampuli kabla hajajua nani ataivaa, kisha wasichana huitwa kuja kuingia ndani yake, na asiyeingia hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo kosa limeshakatwa kwa mkasi kabla ya mizani kuletwa. Haya ni maneno ya mtu anayejua kitambaa kinavyokwenda, na nadhani yana uzito kuliko hotuba nyingi za kuwataka wasichana wajipende. Huwakumbusha wachezaji kwamba Flaviana Matata alikwenda Mexico City mwaka 2007 kuiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Miss Universe akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora, na kwamba huko nyuma wapo waliomwambia yeye fundi kuwa nywele zake fupi zitamkosesha kazi.

Sasa nizungumzie sare zenyewe. Seti tuliyopokea ina jezi, sketi na taiti ya kuvaa ndani yake. Kitambaa cha jezi ni chepesi chenye matundu madogo, na mishono ya mabegani imepigwa overloki kisha ikalazwa na kushonwa juu tena, hivyo haikwaruzi ngozi hata mchezaji akitoka jasho. Niliigeuza taiti nje ndani na kuivuta kwa magoti yangu yote mawili. Kati ya mapaja ameweka kipande cha ziada chenye pembe nne badala ya kukutanisha mishono yote mahali pamoja, na hapo ndipo taiti za dukani huachia mapema. Kiuno kina lastiki pana ya kiasi cha vidole vitatu isiyojikunja, na herufi za nafasi za wachezaji hubandikwa kifuani kwa utepe wa kunata, kwa hiyo mchezaji akibadilishwa nafasi habadilishi jezi.

Bukta nyeupe hashoni kwa wasichana, hata mteja akisisitiza. Sababu ni hedhi, na anaitaja waziwazi. Kwa hili hayuko peke yake: timu ya soka ya wanawake ya Uingereza iliacha bukta nyeupe mwaka 2023 kuelekea Kombe la Dunia, na mwaka huo huo mashindano ya tenisi ya Wimbledon, pamoja na ukali wake wote kuhusu mavazi meupe, yaliwaruhusu wachezaji wa kike kuvaa taiti za rangi nzito ndani ya sketi zao. Nilikuwa nimeomba nyeupe kwa sababu ndiyo rangi ya shule yetu. Tulikubaliana ukanda mweupe ubavuni, na wasichana wamefurahi.

Kasoro zipo na lazima nizieleze. Rangi nyekundu ya sketi ilichuja katika ufuaji wa kwanza na kuuchafua ukanda huo mweupe kwenye sketi kadhaa. Alizichukua na kuzibadilisha bila kutudai, lakini wasichana walicheza mechi moja wakiwa na sare zisizofanana. Kazi ilichelewa pia kupita tarehe tuliyoandikiana, na simu zangu zilipokelewa na vijana wa karakana ambao hawakuwa na jibu. Bei nayo si ya kila shule. Seti moja ni shilingi 38,000, wakati jezi ya mtumba iliyo nzima hupatikana kwa 5,000. Naona thamani ipo, kwa kuwa mtumba wa netiboli wa kutosha timu nzima kwa rangi moja hauokotwi kirahisi, lakini shule ya kata yenye timu tatu itahitaji kamati ya wazazi.

Kikao ndicho kilichonishangaza. Nilitarajia nasaha za kawaida kwa mabinti. Badala yake aliwaambia wasichana kwamba kwenye mitindo alifundishwa kuwa njaa ni ushahidi wa bidii, na kwamba baadaye, alipoanza kuzishonea timu, alisikia makocha wakifundisha vilevile kuhusu maumivu: anayeomba kutoka nje kwa sababu amegongwa kichwa ni mwoga, na anayemlalamikia mwalimu anayemshika isivyostahili anaivunja timu. Kwa maoni yake, ukatili uwanjani hauanzi na ngumi. Unaanza mtu mzima anapomzoesha mtoto kunyamaza kuhusu mwili wake mwenyewe, na jezi, medali au jukwaa vikatumika kuununua ukimya huo.

Kisha akawataja wanariadha wawili wa ukanda wetu. Agnes Tirop wa Kenya aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao huko Ujerumani. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, na Septemba 5 akafariki Eldoret kutokana na majeraha ya moto, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa na mwanaume aliyewahi kuwa mwenza wake. Aliyasimulia haya bila kuyapamba. Wasichana walikaa kimya, na mmoja akauliza kama wenzao wa mazoezi hawakuona dalili yoyote. Fundi hakulijibu swali hilo kwa niaba ya watu asiowajua. Aliwapa kila mmoja karatasi ndogo, akawataka waandike jina la mtu mzima ambaye wangemweleza jambo zito, wasimwonyeshe yeyote, na ambaye hana jina la kuandika aje amwone mwenyewe au aje kwangu. Mwisho akawataka wageuze pindo la jezi upande wa kushoto. Ndani, kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, zimedariziwa tarakimu 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto hapa Tanzania. Hakuwa ameniambia kuhusu uzi huo, na sijaona huduma bora zaidi iliyowahi kutolewa na fundi cherehani.

Kuhusu vurugu za mashabiki ninakubaliana naye nusu. Hakubali kuchapa kwenye jezi maneno ya kuua, kuchinja wala vita, na anasema aliwahi kuikataa kazi ya timu moja ya mtaani kwa sababu hiyo. Anaamini kuwa mitindo imesaidia kuipendezesha fujo, na mfano wake ni mzuri: Januari 1995 Eric Cantona, mchezaji wa Manchester United, alimrukia shabiki teke kwenye uwanja wa Selhurst Park jijini London, akafungiwa kucheza kwa miezi minane na kuhukumiwa saa 120 za kazi za jamii, lakini picha ya teke hilo imeendelea kuchapwa kwenye fulana na kuvaliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku hiyo. Adhabu ilimpata mchezaji, na faida ikawapata wachapaji.

Hata hivyo, maneno ya kwenye fulana hayaelezi vifo vingi viwanjani. Kwenye uwanja wa soka wa Accra, Ghana, Mei 9, 2001, zaidi ya watu 120 walikufa baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi kwa mashabiki waliokuwa wakifanya fujo na umati ukakuta mageti yamefungwa. Port Said, Misri, Februari 1, 2012, watu 74 walikufa, na huko pia mageti yaliyofungwa yalikuwa sehemu ya maafa. Arusha inajengewa uwanja mpya kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi kama mzazi ningependa kwanza kujua nani atashika funguo za mageti na kama askari waliopangwa wamefunzwa kushughulika na umati wenye watoto. Nilimweleza hivyo, naye alisikiliza, ingawa hakubadilisha msimamo.

Tulitofautiana zaidi kuhusu ndondi. Yeye angependa zitoke kabisa kwenye michezo ya vijana, kwa hoja kwamba mchezo ambao lengo lake ni kumuumiza mwenzako hauwezi kusafishwa kwa glavu. Hoja hiyo naiheshimu, hasa kwa watoto wadogo. Lakini ulingo wenye mwamuzi anayesimamisha pambano, daktari anayekaa karibu na kengele inayowatenganisha wapiganaji unatambua kuwa mwili una kikomo, wakati mechi nyingi za mitaani zinazoitwa za kirafiki hazina hata sanduku la huduma ya kwanza. Wapo vijana wa Pasua na Njoro ambao kocha wa ndondi ndiye mtu mzima wa kwanza kuwaambia kwamba wamepigwa vya kutosha, waketi. Ningependa aende kuwatazama kabla hajawaambia wasichana wa timu nyingine kuwa mchezo huo haufai.

Ninaipendekeza karakana hii kwa shule na vilabu vya wanawake, si kwa mtu anayetaka jezi moja kwa haraka, kwa kuwa kazi za mtu mmoja mmoja huwekwa nyuma ya foleni. Timu inayolenga UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ipeleke wachezaji kupimwa kabla ya mwezi wa Aprili, ilipe nusu ya fedha, na iandikiane naye tarehe ya kukabidhiwa mzigo pamoja na namba yake mwenyewe ya simu badala ya ile ya karakana. Mkichagua nyekundu au bluu iliyokoza yenye mistari myeupe, mwombeni akifue kitambaa mara moja kabla ya kukata. Kikao kiombwe siku ile ile ya kuchukua sare, na mwalimu wa kiume ajiandae kuombwa asubiri nje kwa sehemu ya mwisho.