Adapta ya HDMI kwenda VGA: nzuri, mradi ujue upande wake

Adapta hizi zenye mkia mfupi, za kuunganisha HDMI (tundu la kisasa la picha na sauti) na VGA (tundu la zamani la picha), zimejaa katika maduka ya kompyuta ya Kampala, na kwa mwenye laptopu mpya na monita ya zamani yenye VGA peke yake, zinafaa kabisa. Picha hufika 1920 kwa 1080, maandishi yakiwa na ukungu kidogo tu. Picha ikisogea pembeni, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita.

Lawama nyingi hutokana na kuinunua kwa kazi isiyo yake. Inapokea HDMI na kutoa VGA, basi. Mwenye kompyuta kuukuu ya VGA na monita mpya ya HDMI ataambulia skrini nyeusi. Huyo anahitaji adapta ya VGA kwenda HDMI.

Udhaifu wake wa kweli ni umeme. Chipu iliyo ndani hutegemea volti 5 za pini ya 18 ya HDMI, na laptopu nyingine hutoa umeme mdogo mno, kwa hiyo picha hukatika na kurudi. Chagua yenye tundu dogo la USB pembeni, uilishe kwa chaja ya simu. Iwe na tundu la sauti pia, kwani VGA haibebi sauti.

Mwombe muuzaji aijaribu mbele yako: chomeka, bonyeza Windows na P, chagua skrini zote mbili. Kaza skrubu za VGA kwanza. Pini inayobeba rangi ya bluu isipogusa vizuri, picha nzima hugeuka njano, na watu huilaumu monita bure.