Diski za seva ya nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya kuachia muuzaji

Lalamiko ni lile lile, anabadilika mlalamikaji tu. Seva ina diski nne, moja imekufa, mwenyewe kanunua nyingine ya ukubwa huo huo, kaichomeka, kaanza kuijenga upya RAID (mpangilio wa diski kadhaa zinazolindana data). Saa za kwanza mambo yanakwenda vizuri. Kesho yake kasi imeshuka hadi megabaiti chache kwa sekunde, keshokutwa asilimia hazisogei, kisha mfumo unaitupa nje diski mpya na kuiita mbovu. Wala si mbovu. Ni SMR, namna ya kuandika inayobananisha data, na aliyeiuza hakusema.

Basi humu sitagusa ukubwa, mizunguko kwa dakika, wala ile kashe inayopigiwa debe kwenye boksi. Hayo kila tangazo linayo. Kinachofichwa ni namna diski inavyoandika.

Kichwa kinachoandika ni kipana kuliko kinachosoma. Diski ya CMR, yaani ya kawaida, huiacha kila njia (mstari wa data kwenye sahani) ijitegemee. SMR hulaza njia moja juu ya ukingo wa nyingine, kama mabati ya paa, ili zienee nyingi zaidi kwenye sahani moja. Kusoma hakuna shida. Shida ni kubadilisha bati la katikati: sharti uyainue yote yaliyolilalia. Diski husoma kundi zima la njia, hubadilisha kipande kimoja, kisha huliandika kundi zima upya. Ili usilione hilo, hutenga eneo dogo la kupokea maandishi ya haraka, halafu huyapanga mahali pake inapokuwa haina kazi. Ujenzi wa RAID hauipi hata dakika ya kupumua. Eneo likijaa, kila amri mpya inasubiri ya zamani ipangwe, na Linux kwa kawaida huisubiri amri moja kwa sekunde 30 tu kabla ya kuanza kuihesabu diski kuwa na hitilafu. Muda wote huo RAID 5 au RAIDZ1, zinazovumilia kifo cha diski moja tu, inakimbia bila kinga yoyote: ikifa diski ya pili, kila kitu kimekwenda.

SMR yenyewe si uovu. Diski ya nakala rudufu unayoiandika mara moja kwa wiki na kuirudisha kabatini itakufaa kwa miaka. Uovu ni kuiuza kwa jina la diski ya NAS (kisanduku cha kuhifadhi data kwenye mtandao), na hilo limetokea: mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red za 2TB hadi 6TB zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa.

Nafasi ya kwanza: Toshiba N300

Nina upendeleo na siufichi. Hakuna N300 ya SMR, kwa hiyo jina peke yake linatosha, huhitaji kukariri herufi za modeli. Waranti ni miaka mitatu. Ikikutana na sehemu iliyoharibika haishindani nayo kwa dakika mbili: inakata tamaa mapema na kuiachia RAID ilete data kutoka diski nyingine. Thibitisha kwa amri ya Linux `smartctl -l scterc /dev/sdb` (mahali pa sdb weka jina la diski yako). Ukiona 70, maana yake ni sekunde saba, ndivyo inavyotakiwa. Kasoro yake ni kelele. Vichwa vikihama unasikia mkwaruzo, kwa hiyo usiiweke chumba cha kulala, na weka raba chini ya kisanduku. Angalizo: P300 ni ya Toshiba hao hao, ila ni ya kompyuta za mezani, na za 4TB na 6TB ni SMR. Herufi moja tu imebadilika.

Ya pili: WD Red Plus

Imetulia, haipati joto sana, na ni CMR. Ingeshika nafasi ya kwanza kama si lile neno Plus, ambalo wauzaji hulidondosha kana kwamba ni pambo. "WD Red 4TB" inaweza kuwa hii au ile ya SMR. Soma lebo: WD20EFAX, WD30EFAX, WD40EFAX na WD60EFAX ni SMR, lakini WD80EFAX, yenye herufi zile zile za mwisho, ni CMR. WD40EFRX na WD40EFPX ziko salama. Ndiyo maana nasema usinunue kutoka tangazo lisilo na namba kamili ya modeli. Omba picha ya lebo. Akikujibu "zote ni sawa tu", achana naye.

Ya tatu: Seagate IronWolf

CMR zote, waranti miaka mitatu, haina mtego wa majina. Diski nzuri. IronWolf Pro inaongeza waranti hadi miaka mitano. Kwa seva ya familia si lazima.

Ya nne: diski za vituo vya data (Exos, Ultrastar, Toshiba MG)

Kwa ubora zingekuwa juu, ila soko lake limechafuka. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika kwamba diski nyingi za Exos, ambazo ni za Seagate, ziliuzwa kama mpya ilhali zilikwishatumika kwa maelfu ya saa, huku hesabu ya SMART (rekodi ambayo diski hujiwekea, pamoja na saa ilizofanya kazi) ikiwa imerudishwa sifuri. Kwa diski za Seagate, siku ya kwanza kabisa endesha `smartctl -l farm /dev/sdb` (smartmontools 7.4 kwenda juu) na ulinganishe saa zilizoandikwa humo na za `smartctl -a`. Zikitofautiana sana, rudisha. Kisha ingiza namba tambulishi ya diski (serial number) kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti, maana nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni za seva na mtengenezaji hatakujali wewe uliyenunua moja. Inachosha kwamba mtu analipa bei ya kitu kipya halafu kazi ya upelelezi ni yake pia.

Tatizo jingine: baadhi hazizunguki kabisa zikiunganishwa na pawasaplai ya zamani. Pini ya tatu ya umeme wa SATA (plagi ya kawaida ya diski) ikipata volti 3.3, diski huiona kama amri ya kujizima. Funika pini hiyo kwa utepe wa Kapton, usiopitisha umeme. Adapta ya kutoka Molex (plagi ya zamani ya umeme) kwenda SATA nayo inafaa, ila epuka zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya. Hizo hushika moto.

Za mwisho

Diski za nje za USB, hasa ndogo za inchi 2.5: karibu zote ni SMR, na nyingine zina USB iliyochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ukizifungua hukuti SATA. Barracuda ST4000DM004 na WD Blue WD40EZAZ: SMR, za nakala rudufu tu.

Pima kabla muda wa kurudisha haujaisha

Kama diski bado ni tupu, anza na `hdparm -I /dev/sdb | grep -i trim`. Diski ya sahani inayotangaza TRIM (amri ya kuiarifu diski data iliyofutwa) ni SMR. Isipotangaza bado hujawa salama, kwa kuwa baadhi hunyamaza. Jaribio la kweli hili hapa, na linafuta kila kitu kilichomo:

`fio --name=jaribu --filename=/dev/sdb --rw=randwrite --bs=128k --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=4 --runtime=3600 --time_based`

Usiidanganyikie kasi ya mwanzo. SMR huanza vizuri kuliko CMR, kwa sababu inamimina kila kitu mfululizo kwenye lile eneo la muda. Likijaa, kasi inaporomoka, inasimama sekunde kadhaa, inaruka kidogo, inasimama tena. CMR itabaki pale pale ilipoanza. Ukikuta imeporomoka, piga picha skrini pamoja na namba ya modeli na uambatanishe kwenye dai lako, maana muuzaji atakujibu kwamba diski inafanya kazi.