Begi la Siku Tatu, Maji ya Asubuhi Moja

Lebo iliyoshonwa mbele ya begi hili la dharura, la kunyakua ukikimbia nyumba, inasema WATU WAWILI, SAA 72. Nimekaa nalo miezi 14. Nimetoka nalo mlangoni mara nne kwa majaribio na mara moja kwa kweli, na kuna sehemu nimeifumua nikaishona upya, kwa hiyo nikilisema leo sidhani kama ninalionea.

Kazi yangu ni cherehani. Nashona mabegi na kukarabati yaliyowashinda wengine, ndiyo maana siku lilipofika sikuanza na tochi wala redio. Nilimwaga kila kitu kitandani, nikaligeuza begi lenyewe ndani nje, nikawasha kiberiti. Usishtuke. Nilikata kijiuzi kilichokuwa kinaning'inia kwenye mshono wa bega, nikakichoma. Uzi wa pamba huungua ukabaki majivu. Wa poliesta au nailoni huyeyuka ukaacha kishanga kigumu. Huu uliacha kishanga. Uzi wa pamba ukipata unyevu mara kwa mara huoza, na begi la namna hii linaweza kukaa kabatini miaka kabla halijaitwa kazini. Hapo watengenezaji walinifurahisha.

Mikanda ya mabegani imeshikizwa kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati, na pindoni wamerudisha cherehani mara tatu. Mimi mwenyewe hurudisha mara mbili. Kuna mkanda wa kiunoni, mpana, wenye sponji, na kwangu huo ndio unaotofautisha begi la kubeba na begi la kupigia picha: ukiufunga juu ya mifupa ya nyonga, uzito mwingi hushukia kiunoni na mabega yanapumua. Zipu kuu ni namba 8, safi kabisa. Halafu nikafika kwenye mfuko wa pembeni nikakuta wameweka namba 3, ile ya sketi. Ilidumu wiki mbili. Nimeing'oa nikaweka namba 5, kazi ya nusu saa kwangu, lakini asiye na cherehani nyumbani atalazimika kumlipa mtu.

Kwenye boksi wameandika pia kwamba halipitishi maji. Kitambaa ni kweli, kimepakwa kwa ndani. Mishono ndiyo haina utepe wa kuziba, na kila tundu la sindano ni mlango. Nililitundika bafuni nikalifungulia maji dakika tano. Nguo zilizokuwa chini zikalowa zote kando ya mshono wa kitako. Dawa yake si ngumu. Vitu vinaingia kwanza kwenye mfuko mzito wa takataka, mdomo unakunjwa, ndipo unatumbukizwa begini. Nakala za vyeti na vitambulisho nimezipa mfuko wao wa pili.

Begi kama begi, basi, nalipa alama nane kwa kumi. Tuje kwenye vilivyomo.

Ndani kuna pakiti 12 za maji, kila moja mililita 125. Piga hesabu: lita moja na nusu. Ushauri uliozoeleka kwa maandalizi ya dharura, Msalaba Mwekundu wa Marekani wakiwemo wanaoutoa, ni galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita 3.8, ya kunywa pamoja na ya usafi. Watu wawili kwa siku tatu wanahitaji karibu lita 23. Wao wametupa moja na nusu! Hata ukisamehe kunawa na kupiga mswaki, watu wawili wanaotembea juani wataimaliza kabla ya adhuhuri. Sasa, siwalaumu kwa kutoweka lita 23. Lita moja ni kilo moja, na hakuna anayekimbia na kilo 23 za maji mgongoni. Ninacholaumu ni lebo. Wangeandika kwamba haya ni maji ya kuanzia, mengine utayatafuta njiani, nisingekuwa na neno.

Kuna vidonge 10 vya klorini vya kusafishia maji, kimoja kwa lita, na hivyo vina thamani kuliko pakiti zote 12. Ila maelekezo yao ni sentensi moja tu, kwa herufi za sisimizi. Ongeza haya: maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa, maana klorini huishia kwenye tope, kisha subiri nusu saa ndipo unywe. Na wapo vijidudu vyenye ganda, kama Cryptosporidium, ambavyo klorini haiviwezi kirahisi. Hivyo huuawa kwa kuchemsha, dakika moja ya kutokota sawasawa, au tatu kama uko juu ya mita 2000. Kwa sababu huwezi kutegemea kwamba utapata moto, nimeongeza chujio dogo lenye matundu ya maikroni 0.1. Linazuia bakteria na hao wa ganda. Virusi ni vidogo mno, vinapenya, kwa hiyo kwangu chujio na kidonge vinakwenda pamoja.

Sasa niseme ile mara ya kweli.

Ilikuwa saa nane na nusu usiku. Jengo la jirani lilikuwa linaungua na moshi umeingia kwenye ngazi zetu. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Mume wangu akambeba mtoto wa mwisho, mimi nikavaa begi, nikamshika mama mkwe mkono. Binti yetu mkubwa akafungua mfuko wa tochi kama tulivyozoea kwenye majaribio, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Siku ya pili nilipoifungua nikakuta betri zimevuja, poda nyeupe imeganda kwenye springi kama chumvi. Betri za alkali zikiachwa ndani ya kifaa kwa miezi huishia hivyo, na wao walizituma zikiwa zimekwisha kuwekwa, bila hata kikaratasi cha kuzitenga. Nusu ya kosa ni yangu: mara nne za majaribio zilifanyika mchana, na tochi hatukuiwasha hata mara moja. Siku hizi betri ninakunja kwenye kitambaa, pembeni ya tochi, na nimenunua za lithiamu zinazostahimili kukaa. Tochi yenyewe pia nimebadili nikaweka ya kuvaa kichwani. Ukiwa na mzee mkono mmoja na ukuta wa ngazi mkono wa pili, tochi ya kushika utaishika kwa meno?

Kilichotutoa gizani ni vitu nilivyokuwa nimevicheka: vijiti viwili vya mwanga, vile vya plastiki unavyovikunja, kichupa cha ndani kikavunjika na dawa zikachanganyika. Binti alikunja kimoja, kikatoa kijani, tukaona ngazi. Havizimwi na havirudiwi, na vina tarehe ya mwisho kama dawa. Lakini havina betri ya kuvuja. Nimeongeza vinne.

Barakoa zao zilikuwa zile nyembamba zinazoachia pembeni mwa mashavu. Moshi uliingia humo kama hakuna kitu. Sasa zimo za N95, zinazobana usoni na kunasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Hizo nazo ni za kupitia njiani kuelekea nje; gesi ya kaboni monoksidi haizuiwi na barakoa ya aina hiyo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukiivaa unaweza kurudi ndani kuchukua simu.

Tulikaa nje kwa muda wa saa nne. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo ya kulalia na upepo ulikuwa mkali. Nikamfunika blanketi la kung'aa, lile jembamba kama karatasi ya chokoleti ambalo NASA walilianzisha miaka ya 1960 kwa ajili ya vyombo vya angani. Linarudisha joto la mwili, hilo halina ubishi, ila lina kelele za kukaanga, na upepo ulilichana pembeni ndani ya dakika kumi. Zaidi ya yote halisaidii kitu kwa baridi inayotoka chini. Hapo begi likanifurahisha tena: mgongo wake una kipande cha sponji kinachochomoka, unene wa kidole. Nikamkalisha juu yake. Akatulia kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na dawa yangu umeichukua?"

Sikuichukua. Ni insulini, inakaa kwenye friji, na begi linakaa mlangoni. Bahati alikuwa amekwisha kudunga ya usiku. Usiku ule niligundua kwamba nilikuwa nimepanga begi kwa ajili ya watu wawili wa kwenye lebo, wenye afya zao, wasio na jina. Sasa mlango wetu una karatasi kwa ndani, usawa wa macho: INSULINI, FRIJI. Begini kuna mfuko mdogo wa kupoza ulio tayari, pamoja na sindano, kipimo cha sukari na pipi za glukosi. Chupa au kalamu iliyokwisha kuanza kutumika, kwa aina nyingi za insulini, huvumilia nje ya friji kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Soma karatasi ya dawa yako. Kitu cha kuogopa ni barafu. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ukaiona safi, kwa hiyo usiibandike moja kwa moja kwenye pakiti ya barafu. Dawa zake nyingine za kila siku nimeweka za wiki nzima, na miwani yake ya zamani.

Vilivyobaki nitavipita haraka. Huduma ya kwanza wanaitangaza kuwa na "vipande 120". Nimehesabu, 90 ni plasta. Bandeji ya kukunja ni moja. Kisu cha kukunja kina mkasi unaotafuna kitambaa badala ya kukikata, aibu tupu, nimeweka mkasi wangu wa zamani uliofungwa kwa ngozi. Redio ya kuzungusha kwa mkono inashika vizuri, ila ile ahadi ya kuchaji simu kwa kuzungusha iache kama ilivyo: nilizungusha hadi mkono ukafa ganzi, simu ikaongeza asilimia moja. Weka pawabanki, na uichaji upya kila miezi mitatu kwa sababu hujimaliza yenyewe ikikaa. Biskuti za dharura zinakinaisha, lakini haziongezi kiu sana na zinakaa miaka mitano. Filimbi ni nzuri. Mfundishe mtoto kupuliza mara tatu, apumzike, arudie. Tatu ni ishara ya kuomba msaada inayotambulika kwingi.

Ambavyo havikuwemo kabisa: pedi, karatasi ya chooni, noti ndogo ndogo za pesa kwa ajili ya saa ambazo umeme na mtandao vimekatika, na namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Jaribu sasa hivi kutaja kwa kichwa namba ya ndugu yako mmoja. Mimi nilikumbuka ya mume wangu tu, na alikuwa amesimama pembeni yangu. Viatu pia, vya kufunga, vimefungwa kwa kamba nje ya begi. Binti alishuka na kandambili, akarudi mguu mmoja ukiwa mtupu.

Lilipofika begi lilikuwa na kilo 6.8. Nimetoa takataka za kilo 2.1, nikaongeza lita nne za maji na vitu vyetu vya kilo moja na nusu. Sasa lina kilo 10.2. Wapanda milima wana kipimo chao kwamba mzigo usizidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 58, kwa hiyo limenifikia pazuri na sitakubali liongezeke. Nimeshuka nalo ngazi zote tatu na kupanda tena, nikiwa na mkono mmoja mtupu kwa ajili ya mama. Dumu la lita 10 liko kando ya mlango, litakwenda kama kuna gari, lisipokuwepo litabaki.

Nani anunue? Kama huna begi gumu lenye mkanda wa kiunoni, nunua, kisha tupa theluthi ya vilivyomo bila huruma. Kama una begi zuri la safari, liache hili dukani. Vidonge, filimbi, vijiti vya mwanga na redio utavipata kimoja kimoja, vilivyo bora kuliko hivi. Vilivyomo navipa nne kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni za vijiti.

Niliwaandikia watengenezaji kuhusu lebo, kwa adabu, na hesabu yangu ya maji nikaiambatanisha. Walinijibu baada ya siku tano, wakanishukuru, wakaniambia wamenisikia na sasa wana toleo la familia: WATU WANNE, SAA 72. Wakatuma na picha ya vilivyomo vimepangwa vizuri juu ya meza nyeupe. Nimeikuza nikahesabu pakiti za maji. Ni zile zile 12.